Baba Anahesabu Mbuzi

Kwetu sisi Wakonzo wa Kitswamba, magharibi mwa Uganda, mtoto hupata nafasi kabla tabia yake haijajulikana. Wa kwanza wa kiume ni Baluku, anayemfuata Bwambale, kisha Masereka, Kule, Thembo. Kwa wasichana ni Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu. Ukivuka mpaka pale Mpondwe ukaenda Beni, Kongo, majina yanageuka kidogo tu: Kambale, Kasereka, Kakule. Mtu akiitwa sokoni, unajua ni wa ngapi kwao. Utaratibu huu una heshima yake nami siulaumu. Kasoro inaanza pale foleni ya majina inapogeuka foleni ya karo. Pesa ya pamba au mahindi ikiingia, Baluku ndiye anayepelekwa kusoma fizikia, kemia na baiolojia hata kama akiona damu anazirai. Mbambu, ambaye pengine angeyaweza, anangoja kitakachobaki.

Nayasema haya kwa sababu niliyatenda. Wa kwanza wangu nilimchagulia kombinesheni mwenyewe (Watanzania wanasema tahasusi), nikamtafutia shule ya bweni, na aliponiuliza karo itatoka wapi nikamjibu, "Mungu atasaidia." Mungu husaidia, ila mhasibu wa shule hutaka risiti ya benki. Muhula wa pili wa S5, yaani kidato cha tano, kijana alirudi nyumbani na godoro lake kichwani. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo matokeo ya mdogo wake yalipotoka, Februari 2025, nilikaa naye nje ya nyumba, kila mtu na kiti chake. Wale walikuwa wa kwanza kufanya mtihani wa S4 kwa mtaala mpya. Mtaala huo ulianza S1 mwaka 2020, korona ikafunga shule, na kuzifungua sawasawa ikawa Januari 2022. Binti akanisomea: hesabu B, fizikia B, historia D.

"Jumla yake ngapi?" nikamuuliza.

"Haina jumla, baba. Na divisheni hakuna. Kila somo lina herufi yake, A mpaka E. Asilimia 20 ni kazi tulizofanya darasani."

Nikaigeuza karatasi kutazama nyuma, kana kwamba jumla imefichwa huko. Miaka yote baba ndiye aliyesoma karatasi na mtoto akangoja hukumu. Safari hii mtoto ndiye aliyenisomea.

Tayari nilikuwa nimetangaza mjini Rugendabara kwamba huyu atakuwa mwalimu wa sayansi. Sikuwa peke yangu. Julai 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa masomo ya sanaa akibaki karibu na milioni moja, na walimu wa sanaa walikuwa wamegoma mwezi mmoja kabla. Habari ya namna hiyo ikipita redioni, hakuna mzazi anayetaka tena kusikia neno historia. Lakini milioni 4 ni za aliyemaliza chuo, akafaulu, akapata ajira. Kati ya hapo na S4 kuna miaka mingi, na kila muhula una bei yake.

Isitoshe, njia tunazowaelekeza watoto ni zile tulizopita sisi. Wazee wetu walijua kwamba kijana mwenye nguvu anakwenda Kilembe kuchimba shaba. Uchimbaji ulioanza 1956 ulisimama 1982, na waliokuwa wakiwatayarisha wana wao kwa kazi hiyo wakabaki wakiutazama mlima. Sisi tuliofuata tulijua kwamba ukishindwa yote, utasomea ualimu wa shule za msingi, Gredi ya 3. Sera ya walimu ya 2019 imedai digrii hata kwa mwalimu wa shule ya msingi. Wapo majirani ambao hadi leo wanamwambia mtoto, "Ukikosa, utakwenda ualimu," kama vile mlango bado uko wazi.

Na uchaguzi wenyewe hauanzi S5. Mtoto akimaliza S2 anabaki na masomo 7 ya lazima, anaongeza moja au mawili anayoyataka. Kiswahili, ambacho ni cha lazima S1 na S2, hapo kinakuwa cha hiari. Huko Bwera, ambako soko la Mpondwe linajaa wanunuzi na wauzaji kutoka Kongo, nimewaona wazazi wakiruhusu kiachwe bila hata kuuliza. Sijui wanadhani mtoto atauza kwa lugha gani.

Turudi kwenye viti vyetu. Nilichukua daftari, nikaandika mapato ya misimu miwili na mbuzi tulionao, nikatoa mbegu, dawa, na karo ya wadogo zake. Nikamwonyesha kilichobaki. Sijawahi kuona aibu kama ile, maana mwanamume wa kwetu huficha mfuko wake kuliko anavyoficha maradhi yake. Nikamweleza pia habari ya mkopo wa serikali, uliowekewa sheria mwaka 2014: unalipa ada ya chuo, lakini chakula na chumba ni juu yetu, na kwanza umalize S6 ufaulu.

Alikaa kimya. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya hesabu yangu: kusomea ufundi umeme, miaka miwili, narudi nyumbani kulala. Alikuwa amemtazama fundi akivuta nyaya nyumbani kwa jirani, siku nzima, mpaka akatumwa kushika ngazi. Mimi nilidhani anakwepa kazi za nyumbani.

"Na S5?" nikasema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshatangaza.

"Kama unaweza mihula sita yote ya S5 na S6, baba, nitakwenda. Fizikia naipenda. Kama ni mitatu, niambie leo."

Mama yake akauliza kutoka jikoni kama tumemaliza, ugali unapoa.

"Bado," binti akamjibu. "Baba anahesabu mbuzi."