Kwenda Kuwatazama

Soma Ayubu 2:11–13, kisha Ayubu 42:11. Wageni wa kwanza walimkuta Ayubu majivuni. Wa pili walikuja mambo yake yalipoanza kutengemaa. Ni kundi lipi lililomfaa zaidi?

Wengi hulikumbuka lile la kwanza. Watu huwahi msibani, lakini siku za kujijenga upya hupita bila wageni.

Januari 1998, kusini mwa jimbo la Quebec nchini Kanada, mvua ilinyesha ikiwa maji, ikaganda mara ilipogusa tawi, waya, paa au barabara. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 barafu iliongezeka tabaka juu ya tabaka, hata minara ya chuma ya umeme ipatayo 1,000 ikaanguka. Mamilioni ya watu walikosa umeme. Karibu na miji ya Saint-Hyacinthe na Granby, baadhi ya nyumba zilikaa gizani zaidi ya mwezi mmoja, katikati ya majira ya baridi.

Kwa wafugaji, giza halikuwa taabu kubwa kuliko zote. Ng'ombe wa maziwa hangoji umeme urudi. Asipokamuliwa, kiwele hujaa, huuma, kisha huugua. Na zizi zima lililozoea mashine haliwezi kukamuliwa kwa mikono ya mume na mke. Basi jenereta moja ikazungushwa shamba hata shamba: saa chache hapa, kisha ikapakiwa garini kwenda kwa jirani. Maziwa mengi yalimwagwa, kwa kuwa hayakuweza kupozwa wala kusafirishwa. Yalikamuliwa ili mnyama asiugue, si ili mtu auze. Aliyewahi kufuga anaujua uchungu huo. Mwenye jenereta aliyeiachilia itoke kwake, huku ng'ombe wake wakingoja zamu ya jioni, alikuwa mhitaji na msaidizi kwa wakati mmoja.

Sasa mfikirie mgeni afikaye huko mwezi wa Machi. Taa zinawaka, wanajeshi waliotumwa kusaidia wamekwenda, hakuna tena cha kupiga picha. Lakini ni majira ya kugema miti ya mepo, ambayo utomvu wake huchemshwa mpaka uwe shira, na vilele vya miti hiyo vimevunjika. Mmepo huchukua miaka ipatayo 40 kabla ya kufaa kugemwa. Mkulima wa makamo akipanda leo, anawapandia wajukuu.

Je, mgeni huyo aende? Wengine husema heri atume nauli yake, maana atalishwa na watu waliopungukiwa. Hoja hiyo ina uzito, na anayekwenda kushangaa tu angefaa aisikilize. Lakini inamfanya aliyepata hasara kuwa mkono wa kupokea tu, kana kwamba hakuwahi kumwazima jirani jenereta. Ndugu za Ayubu hawakuogopa kula chakula nyumbani mwa mtu aliyezika watoto kumi. Walikula, wakamfariji, kisha kila mmoja akamwachia kipande cha fedha na pete ya dhahabu.

Katika Mathayo 25:36, neno la kumwendea mgonjwa ni "kutazama". Macho peke yake hayalitimizi. Katika msitu ule kuna matawi ya kukata, uzio wa kusimamisha, na mipira ya kukusanyia utomvu iliyolaliwa na magogo. Mgeni aliyeshika msumeno mchana kutwa hana haja ya kuona haya akikaribishwa mezani jioni, na mwenyeji naye hujiona mwenyeji tena.

Katika kanisa lako, ni nani aliyeunguliwa nyumba au kupoteza mazao kwa mafuriko mwaka jana, ambaye tangu wiki ile ya kwanza hakuna aliyekwenda kula kwake?