Kaa, Senene na Tumbo la Msafiri

Sisi wa Karagwe na Kyerwa (ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa Karagwe hiyo hiyo) hatuna bahari, na kaa kwetu si chakula. Vijitoni vimo vikaa vidogo, lakini sijaona mtu akivipeleka jikoni. Sasa mchukue kijana wa Kayanga aliyelala melini usiku kucha kutoka Bukoba hadi Mwanza, akapanda basi mpaka Dar, kisha boti ya Unguja, umwambie kwamba pale Forodhani jioni chakula chenyewe ni kaa. Atakutazama kama umemtukania mama yake!

Lakini ndani ya begi lake mna nini? Senene. Wamekaangwa, wametiwa chumvi, zawadi ya shemeji. Na shemeji mwenyewe, kama ni mtu wa pwani, huenda akaomba mfuko ufungwe haraka.

Hebu tujiulize basi, ndugu msomaji: kichefuchefu ni hoja? Mtu akitapika, amethibitisha kwamba kitu ni kibaya?

Mimi nasema hapana, na ushahidi uko wazi. Fungua Mambo ya Walawi, sura ya 11. Viumbe vya majini visivyo na mapezi na magamba vimekatazwa, kwa hiyo kaa hapiti, lakini nzige na panzi wameruhusiwa. Mnyambo angefurahi kuisoma sura hiyo! Pwani nako wapo masheikh wa madhehebu ya Shafi wanaomkataza kaa kwa sababu anaishi majini na nchi kavu, na wapo Waislamu wengine wanaomla bila wasiwasi. Vuka mpaka uingie Uganda, utakuta Waganda wa ukoo wa Nsenene ambao senene ni mwiko kwao. Hawa siwalaumu hata kidogo. Mtu wa Nsenene hasemi senene ni uchafu. Anasema ni wa ukoo wake, na hamzuii jirani kula. Mwiko wa namna hiyo ni heshima. Kinachonikera ni yule anayegeuza tumbo lake kuwa hakimu wa watu wengine, eti wale wanakula madudu.

Yuko pia wa upande wa pili, na huyu anasifiwa mno. Ni msafiri wa meli kubwa za anasa zinazotia nanga Unguja au Mombasa kwa saa chache. Akishuka tu anauliza kaa mtamu yuko wapi, anakula, anapiga picha, anajiona kawashinda ubinadamu wenzake kwa kuwa yeye hana mwiko. Bwana, kula kila kitu si uungwana! Huyu na kijana wa Kayanga wanaulizana kuhusu matumbo yao tu. Kaa mwenyewe hajaulizwa.

Na kaa ndiye mwenye kesi. Nyama yake huharibika upesi akishakufa, ndiyo maana kaa wa mikoko huuzwa hai, magando yamefungwa kamba, na mara nyingi hutumbukizwa hai kwenye maji yanayochemka. Mwaka 2018 Uswisi ilipiga marufuku kumchemsha kamba mawe akiwa hai bila kumzimisha kwanza. Mwaka 2022 sheria ya Uingereza ikawataja kaa, kamba na pweza kuwa ni viumbe wenye hisia, baada ya wataalamu kupitia tafiti nyingi juu ya maumivu yao.

Najua jibu: hayo ni mambo ya wazungu walioshiba. Labda. Lakini mvuvi wa mikokoni simwambii aache kazi, na mlaji simwambii aache kula. Kisu kikichomwa mahali pake kinamuua kaa kabla ya chungu, wala hakiongezi bei ya sahani.

Kinachoniuma zaidi kiko nyumbani. Senene tunawang'oa mabawa na miguu wakiwa hai, tena kwa mashindano na vicheko, bakuli likijaa viumbe wanaojipinda. Kama wanasikia maumivu au la, hakuna aliyewahi kuniuliza. Novemba wakishuka, nataka nijaribu kuwamwagia maji ya moto kwanza. Mama ameshasema bawa likilowa halishikiki, na kwamba kama nina huruma nyingi, niwaache wenzangu wale.