Khutba ya Ijumaa: Madhara ya Kumpiga Mke

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ammaa baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mola wetu faraghani kama tumchavyo hadharani; kwani wamo miongoni mwetu ambao, wakisha kutoa salamu ya sala, hurejea majumbani mwao wakawanyanyulia mikono wake zao.

Ndugu zangu, msidhani ya kuwa madhara ya kipigo hukoma uvimbe unaponywea. Kofi la sikio huweza kupasua kiwambo cha ndani, mwanamke akabaki na uvumi na uziwi. Teke la tumbo kwa mja mzito huweza kuiharibu mimba. Na aliyekabwa koo, ijapokuwa shingoni hana alama, huweza kufikwa na kiharusi siku kadhaa baadaye. Na ya nafsini hayana wa kuyafunga kitambaa: usingizi humpaa, moyo humwenda mbio kila asikiapo komeo la mlango, na kwa kuambiwa kutwa kucha kuwa yeye ndiye chanzo, huishia kusadiki, hata akayachukia maisha yake.

Nasi anapotujia kushitaki, tumezoea kumwambia, “Stahamili mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo.” Basi natutazame hukumu ya Mtume (s.a.w.). Amepokea Abu Daud ya kuwa Habiba binti Sahl alipigwa na mumewe, Thabit bin Qays, hata akavunjwa, akamwendea Mtume baada ya alfajiri. Thabit hakuwa mtu duni, kwani ndiye aliyekuwa khatibu wa Maansari. Lakini cheo hicho hakikumfaa kitu, na Habiba hakurudishwa kwenda kuvumilia. Thabit aliitwa, akaamriwa arejeshewe bustani mbili alizompa mkewe, na amwache.

Na Fatima binti Qays alipotaka shauri juu ya waliomposa, Mtume alimtajia mmoja wao kuwa ni mpigaji, akamwelekeza kwa Usama bin Zayd; ikathibiti kwa wanazuoni ya kuwa kumwonya mposwaji si kusengenya. Na atakayeishika aya ya 34 ya Suratun Nisaa kuwa ni hoja yake, na amtazame aliyeteremshiwa aya hiyo, ambaye Bibi Aisha ameshuhudia ya kuwa hakupata kumpiga mke wala mtumishi kwa mkono wake.

Basi enyi mawalii, mliotoa mabinti zenu kwa mikono yenu, anayerudi na jeraha mfungulieni mlango, mpelekeni hospitali siku ile ile, na msione haya kuchukua fomu ya polisi wala kumfikisha kwa kadhi. Kwani hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, imekataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nanyi majirani, mkisikia kilio, bisheni hodi.

Ewe Mola, waponye waliojeruhiwa, watulize nyoyo zao, uwaongoze waliodhulumu watubu na kurejesha haki kabla ya Siku ya Hisabu. Amin.