Ardhi ya Visiwani: Ni Mali Yetu au Amana ya Wajukuu?

Ukitoka mjini Unguja kwa barabara yoyote iendayo mashamba, utakutana na nguzo za zege mahali palipokuwa na minazi, migomba na mikarafuu. Watu wanajenga, na kujenga si dhambi. Lakini lipo swali ambalo naona tunalikwepa: je, mwenye shamba lenye rutuba, katika visiwa vidogo kama vyetu, ana haki ya kuliua shamba hilo lisirudi tena kuwa shamba? Sizungumzii hati na mipaka, kwani hayo yana mahakama zake. Nazungumzia haki mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watakaokuja baada yetu.

Ndugu msomaji, historia ya ardhi yetu ni historia ya watu kuulizana "ni ya nani?" Kabla ya karafuu, wenyeji walilima mtama, muhogo na mpunga, na ardhi ya mji ilikuwa ya wana mji. Mtu aliweza kumiliki mti bila ya kumiliki udongo uliosimama chini yake. Katika zama za Sayyid Said, karne ya 19, mikarafuu ikaenea, na pamoja nayo wakaja watumwa waliofyeka misitu na kupanda. Faida ilikuwa kubwa, lakini jasho lilikuwa la wengine. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika na ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897, lakini mashamba yakabaki kwa wenyewe, na waliokuwa watumwa wengi wao wakabaki maskwota.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilitaifisha ardhi, na kuanzia mwaka 1965 ikagawa eka tatu tatu kwa maelfu ya familia. Yapo mengi yanayobishaniwa kuhusu zama hizo, nami si hakimu wake. Ninachotaka msomaji akione ni sharti la mgao ule: eka zile zilitolewa zilimwe, hazikutolewa ziuzwe wala kukatwa vipande. Na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ikathibitisha kuwa ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mtu anacho kibali cha kuitumia.

Basi kila zama zilikuwa na mwenye ardhi wake: mwana mji, mwenye shamba, Serikali, mwenye eka tatu. Lakini chini ya wote hao udongo ulibaki udongo. Mkarafuu ukianguka hupandwa mwengine, na baada ya miaka kama saba huanza kuzaa. Leo kwa mara ya kwanza tunaondoa kile ambacho zama zote ziligombania. Hakuna anayevunja nyumba ili apande muhogo.

Na tunaondoa pale palipo bora. Wazee wetu waliujua udongo kwa majina yake: kinongo, kichanga, uwanda, maweni. Mashariki na kusini ya Unguja sehemu kubwa ni mawe yenye udongo haba. Udongo mzito uko magharibi na katikati, na huko huko ndiko mji unakotanuka. Mwaka 1967 Zanzibar haikufika watu laki nne. Sensa ya 2022 imehesabu watu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Watu wameongezeka zaidi ya mara nne, na kisiwa hakikuongezeka hata hatua moja.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tano aliniuliza darasani: "Ustadh, babu ameacha shamba, warithi tuko tisa, karafuu haitulishi. Tukiuza viwanja tutapata pesa za matibabu ya mama. Kosa letu liko wapi?" Swali hili halijibiwi kwa mawaidha. Mwenye njaa haambiwi asubiri wajukuu. Na kweli, mkulima ameachwa peke yake kwa miaka mingi: bei ya karafuu ilianguka katika miaka ya 1980, vijana wakakimbilia mjini. Anayemlaumu maskini aliyeuza eka moja, huku akinyamazia wenye uwezo wanaokusanya maeka kwa ajili ya kuwauzia wengine, hakufanya uadilifu.

Wengine husema: mchele si unatoka nje? Ni kweli, sehemu kubwa ya mchele tunaokula unakuja kwa meli. Lakini mwaka 2008 nchi kadhaa zilibana mchele wao usitoke, na Julai 2023 India ikazuia mchele wake mweupe wa kawaida kuuzwa nje. Hawakutuuliza. Kisiwa kisichokuwa na mabonde kama ya Cheju na Mtwango hungojea huruma ya watu wengine.

Sasa tuangalie mafunzo ya dini. Ilipofunguliwa ardhi ya Iraq, baadhi ya Masahaba, akiwemo Bilal (r.a), walitaka igawiwe kwa wapiganaji kama ngawira. Sayyidna Umar (r.a) akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba wakigawana wote, watakaokuja baadaye watakuta nini? Akategemea Suratul-Hashr, ambayo baada ya kuwataja Muhajirina na Ansari inawataja wale waliokuja baada yao. Baada ya mashauriano ardhi ikabaki bila kugawiwa, ikatozwa kharaj kwa manufaa ya vizazi. Tazama: waliodai walikuwa na hoja ya haki, na bado haki ya wasiozaliwa ikapewa uzito.

Umar huyo huyo alimwendea Bilal bin Harith, aliyepewa ardhi ya Aqiq na Mtume (s.a.w), akamwambia abaki na anayoweza kuilima na airudishe iliyobaki. Kwa hiyo milki ya ardhi katika fikra ya Kiislamu ina wajibu ndani yake.

Naelewa kutokana na haya kwamba mwenye shamba ana haki ya kula matunda yake, kubadilisha mazao, hata kulihamisha kwa mwengine atakayelilima pale sheria inaporuhusu. Kuliua ni jambo jengine, kwani hapo anatumia kisichokuwa chake peke yake. Na mirathi haitulazimishi kukata udongo. Sheria imetoa mafungu. Warithi tisa wanaweza kubaki washirika katika shamba moja na kugawana mavuno.

Lakini wajibu huu hauwezi kubebwa na maskini pekee. Anayemwambia mkulima asiuze hana budi kumtafutia bei ya haki, maji na dawa ya mama yake. Wenye mamlaka nao waelekeze ujenzi kwenye maweni, na nyumba ziende juu badala ya kutambaa. Na sisi tunaonunua viwanja tujiulize, kabla ya kulipa, kile kinongo kilikuwa kinamlisha nani.

Wallahu a'lam.