Mafundi Wasiolala Ndani ya Mwili

Ndugu msomaji, wengi hudhani kwamba mwenye afya ni yule ambaye mwili wake haukuguswa na uharibifu. Dhana hiyo si sahihi. Katika kila chembe hai ya mwili wako, yaani seli, DNA hupata madhara maelfu kwa maelfu kila siku, nawe waishi kwa kuwa madhara hayo hutengenezwa usiku na mchana pasipo wewe kujua.

DNA ni maandishi ya uhai. Ni nyuzi mbili zilizosokotana, zenye herufi nne za kikemia, A, T, G na C, zilizopangwa jozi bilioni 3 hivi. A hukabili T, na G hukabili C. Mionzi ya jua kali ipenyapo ngozini huweza kuzigandisha herufi mbili jirani za uzi mmoja, na uzi ukapinda. Ndipo protini huanza kazi. Moja hutambua palipopinda. Nyingine huzifumbua nyuzi. Mbili hukata kipande cha herufi 30 hivi, moja upande huu na moja upande ule. Kisha nyingine hujaza pengo kwa kuusoma uzi wa pili uliobaki mzima, na ya mwisho huunga. Kwa kuieleza kazi ya mafundi wa namna hii, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015.

Je, mafundi hao wakikosekana? Mwaka 1968, James Cleaver wa California alionyesha kwamba seli za wenye ugonjwa wa zeroderma pigmentosamu hushindwa kufanya matengenezo hayo. Mtoto mwenye ugonjwa huo asipokingwa na jua, saratani ya ngozi huweza kumpata angali mdogo. Hakulaaniwa, wala hakurogwa. Amerithi kasoro katika protini za ufundi.

Tena, kazi hii ina wakati wake. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake. Kosa lisilotengenezwa mapema huweza kunakiliwa, na likishaandikwa katika nyuzi zote mbili, hakuna tena uzi mzima wa kulisahihisha. Kwa hiyo protini iitwayo p53 huisimamisha seli hadi itengenezwe, na madhara yakizidi huiamuru ife. Katika takriban nusu ya saratani za binadamu, mlinzi huyu ameharibika.

Basi, mwenye akili na azingatie. Kukosea si mwisho wa mja. Mwisho wake ni kuacha kujitengeneza. Uongo wa baba ukitubiwa leo huishia kwake. Ukiachwa, mwanawe huunakili na kuuona kuwa ndiyo desturi ya nyumba. Lakini pia ufundi hodari si ruhusa ya kubomoa. Avutaye tumbaku huwaongezea mafundi hawa kazi wasiyoweza kuimaliza, na atendaye dhambi kwa kutegemea toba ya kesho ni mfano wake.

Kwa hiyo, ndugu, kama uko mtu uliyemdhulumu, mwendee leo, maadamu moyoni mwako ungalipo uzi mmoja mzima unaokuonyesha haki. Mwenyezi Mungu atujaalie kujirekebisha kabla kosa halijawa urithi. Amin.