Deni kwa Kiumbe Asiyeonekana

Tengeru ni nchi ya migomba, kahawa na maji baridi yateremkayo kutoka Mlima Meru. Bahari i mbali nayo mwendo wa siku nzima, na maji makubwa ya jirani ni Ziwa Duluti, lililotuama kimya ndani ya shimo la volkano ya kale. Mtu aliyezaliwa hapa aweza kufikia uzee pasipo kuonja maji ya chumvi. Hata hivyo ni hapa nilipoulizwa swali juu ya samaki wa baharini, ambalo sijapata kulijibu kwa ukamilifu mpaka leo.

Nalikuwa nikizungumza na wanafunzi wachache habari za silikanti. Wataalamu wa Ulaya walimjua samaki huyu kwa alama zake katika mawe tu, wakaamini kuwa ukoo wake ulikwisha kutoweka duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita. Kisha, mwezi wa Desemba 1938, jarife la meli ya uvuvi likamtoa mmoja karibu na mji wa East London, Afrika ya Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji ule, alimwona katika rundo la samaki, akakataa kumwacha aoze kama wengine. Profesa J. L. B. Smith alimtambua na kumpa jina la kitaalamu kwa heshima ya bibi huyo. Tangu hapo Smith alimtafuta wa pili kwa muda wa miaka 14, akieneza karatasi zenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100.

Wa pili alipatikana Anjouan, katika visiwa vya Komoro, Desemba 1952. Mvuvi mmoja alimvua kwa mshipi usiku, akampeleka sokoni ili auzwe. Na laiti si mwalimu mmoja aliyepata kuiona ile karatasi, angalikatwa vipande. Smith alikwenda kumchukua kwa ndege ya jeshi, na alipofunuliwa maiti ya samaki yule, alilia machozi. Watu wa Komoro nao hawakulia, wala hawakuona ajabu. Walikuwa na jina lake tangu zamani, gombessa, na walijua kuwa nyama yake ina mafuta mengi, haifai sana kuliwa. Basi huyo aliyesemwa kuwa amefufuka kutoka katika wafu, kwao alikuwa samaki asiye na bei nzuri tu.

Niliwaeleza pia kuwa samaki huyu yu katika maji yetu. Mwaka 2003 alivuliwa karibu na Songo Mnara, Kilwa. Na kuanzia 2004 wavuvi wa Kigombe na vijiji vingine vya Tanga wakawa wanamkuta katika majarife yao mara kwa mara, hata katika miaka michache wakatimia zaidi ya 30. Mwaka 2009 Serikali ikaitenga sehemu ya bahari ile kuwa hifadhi na kuipa jina la samaki huyo.

Nilipofika hapo, kijana mmoja mwenyeji wa pwani ya Tanga alisimama, akasema kwa adabu kubwa, "Niwie radhi, Mwalimu. Samaki amepata hifadhi. Je, baba yangu amepata nini?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana niliona kuwa katika maneno yale machache mlikuwamo shitaka zima, na kwamba mshitakiwa mmojawapo ni mimi, niliyekuwa nikipata mshahara wangu kwa kumsifu silikanti.

Mtu wa Tengeru ana sababu yake ya kulielewa shitaka hilo. Mwishoni mwa 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, ng'ambo ya mlima huu, ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet kwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisafiri, alisema, alisikilizwa, akarudi bila ya ardhi. Ni mwaka ule ule ambapo Waziri Mkuu wa Afrika ya Kusini, Malan, ambaye serikali yake ilikuwa ikiwabagua watu kwa rangi ya ngozi zao, alitoa ndege ya jeshi ikamlete samaki aliyekufa. Simlaumu Smith, mapenzi yake ya elimu yalikuwa ya kweli. Lakini nikiweka safari hizi mbili pamoja naona jinsi dunia iwezavyo kuwa nyepesi wa kushangaa na mzito wa kutenda haki.

Je, yafuata kuwa hatuna deni lolote kwa silikanti? La. Wengi husema tumhifadhi kwa kuwa ukoo wake ni wa kale. Hoja hii hainitoshelezi. Ukale watia hofu na heshima moyoni, lakini hautoi haki. Jiwe la Meru ni la kale pia, nasi twalipasua kujengea nyumba bila ya kutubu. Hoja yenye nguvu ni nyingine. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 waonyesha kuwa silikanti huweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba jike huchukua mimba yapata miaka mitano, naye huzaa watoto hai. Mvuvi akimtoa dagaa, bahari humlipa kesho. Akimtoa silikanti mwenye mimba, huenda mvuvi yule akazeeka na kufa kabla pengo lile halijazibwa. Liko kosa linalotengenezeka na liko lisilotengenezeka, na mwenye akili hana budi kuliogopa la pili hata kama aliyekosewa hana ulimi wa kulalamika.

Lakini kijana yule angeweza kunijibu, na nadhani kimoyomoyo alinijibu, kuwa mtoto aliyekosa chakula au ada ya shule naye ana pengo lisilozibika. Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Madeni mawili yamekutana mlangoni pa mtu mmoja maskini, ilhali waliokopa ni wengi. Mvuvi hakuomba kustaajabu. Aliyestaajabu ni mimi, na msomaji wangu, na wageni wanaotoka mbali. Nasi twataka gharama ya mastaajabu yetu ilipwe na jarife lake. Kama samaki huyu ni hazina ya watu wote, kwa sheria gani mlinzi wake awe mtu mmoja, tena bila ya ujira?

Jarife lenyewe silo la silikanti. Hutegwa vilindini kwa ajili ya papa na samaki wengine wakubwa, na silikanti hunaswa humo bila ya kutafutwa na mtu. Nilikuwa nikilijua jambo hili kama nijuavyo mambo mengi ya vitabuni, mpaka Jumamosi moja nilipokwenda sokoni Tengeru. Katikati ya mafungu ya dagaa palikuwa na papa mkavu. Nilimwuliza mama mwuzaji ametoka wapi.

"Tanga, Mwalimu. Mzuri huyu, chumvi yake si kali."

Nimekula papa wa namna hiyo tangu utoto wangu. Nilisimama nimemshika mkononi, nikamsimulia yule mama habari za samaki wa kale anaswaye pamoja na papa. Alinisikiliza kwa uvumilivu, huku akiwafukuza nzi kwa kipande cha karatasi.

"Analika?" aliniuliza.

Nilimwambia kuwa nyama yake ina mafuta mengi, na huharisha.

"Ana bahati," alisema, akaniuliza kama nataka nusu kilo au kilo nzima.