JE, ELIMU NAYO HUENDA LIKIZO?

Kila unapofika mwisho wa mwaka, skuli hufungwa na vijana wetu wa sekondari hurejea majumbani na masanduku yao. Vitabu hutiwa juu ya kabati, navyo hukaa huko mpaka Januari. Si wazazi wengi wanaoliona jambo hili kuwa ni suala la tabia njema au mbaya; huliona ni desturi tu, kama desturi ya kufunga duka jua linapokuchwa. Sisi twaona kuwa ndani yake mna suala linalostahiki kufikiriwa na kila mwenye mtoto.

Suala lenyewe ni hili: mtu akishajifunza jambo, je, ana wajibu wowote juu ya jambo hilo baada ya mtihani kupita na mwalimu kuondoka? Au elimu ni mali yake, akipenda ataitunza, na akipenda ataiacha ipotee, wala hapana wa kumlaumu? Suala ni pana, nasi ili tusizame ndani yake tumechukua mfano wa somo moja, nalo ni jiometri, ambayo wazee wetu waliosoma Kiarabu waliiita handasa. Tumelichagua somo hili kwa kuwa vijana hulitupa upesi mara wapatapo likizo, na wazazi nao huliona halina faida nyumbani.

Wanaosema kijana aachwe wana hoja mbili, nazo si hoja za kudharauliwa. Ya kwanza, mwili na akili vina haki ya kupumzika, na mtoto aliyesoma tangu alfajiri hadi usiku kwa miezi mingi ni dhulma kumfanya asome tena. Hata serikali imeliona hilo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza wanafunzi kulazimishwa masomo ya ziada wakati wa likizo. Ya pili, wanauliza: nani aliyewahi kusimamishwa dukani, au bandarini, au shambani, akaambiwa athibitishe kuwa pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa hupata nyuzi 180?

Tuanze na hoja ya kwanza. Twakubali kuwa mapumziko ni haki, na hatumtaki mzazi yeyote ageuze nyumba yake kuwa skuli ya pili. Lakini kupumzika ni jambo moja, na kuacha ni jambo jingine. Mtazameni mvuvi katika siku za kusi kali. Haendi baharini, wala hapana amlaumuye. Lakini hakai bure: hushona nyavu zake, hukipandisha chombo pwani, akakitia deheni. Amepumzika na bahari, ila uvuvi hakuuacha. Na lau angeiacha nyavu ioze na chombo kipasuke kwa jua, kisha akasema kuwa alikuwa akipumzika, watu wangalimcheka. Ama ile sheria ya 2013, imemzuia mwalimu kumlazimisha mtoto. Haikumkataza mtoto kufungua daftari lake. Imemrudisha mtoto mikononi mwa wazee wake, na kwa hivyo imetuzidishia wajibu sisi tulio nyumbani.

Tena jambo hili si geni kwetu. Kila mmoja katika miji yetu ajua kuwa aliyehifadhi Qur'ani hana likizo ya hifadhi yake. Kila siku hurejea kiasi, asubuhi au baada ya Magharibi, kwa kuwa ajua kuwa kilichohifadhiwa kisiporejewa hutoroka. Hatujamsikia mzazi akisema kuwa kurejea huko ni kumtesa mtoto. Na mtoto akisahau sura alizokwisha kuzisoma, mzazi huona haya mbele ya jirani. Hatusemi kuwa jiometri ina daraja ya Qur'ani, hasha. Twasema tu kuwa njia ya kuitunza elimu tunaijua, tumeirithi, na twaitumia kila siku. Kwa nini basi tuisahau tunapofika kwenye elimu nyingine?

Sasa tuje kwenye hoja ya pili, ya kuwa jiometri haina kazi. Hapa lazima tutazame ndani ya somo lenyewe, maana anayeulizia faida ya kitu sharti kwanza akijue.

Kijana na achore duara kwa bikari, apige mstari wa kipenyo chake, kisha aziunge ncha mbili za kipenyo hicho na nukta yoyote iliyo juu ya mzingo. Ataona kuwa pembe iliyopatikana katika nukta hiyo ni pembe mraba. Na achore mara kumi, kila mara mahali pengine, na apime kwa kipimapembe: mara atapata nyuzi 90, mara 89, mara 91. Je, amejua kuwa pembe hiyo ni mraba daima? Bado hajajua. Amedhani tu, na dhana yake ni nzuri. Lakini apigapo mstari mmoja kutoka kitovu cha duara hadi ile nukta, atapata pembetatu mbili, na kila moja ina pande mbili zilizo sawa, kwa kuwa pande hizo zote ni nusu kipenyo. Basi katika kila pembetatu, pembe mbili za chini ya pande hizo ni sawa. Ile pembe iliyo juu ya mzingo imefanywa na pembe moja ya kila pembetatu, na ndugu zake wawili wako kwenye ncha za kipenyo. Zote nne zikijumlishwa ni nyuzi 180. Basi ile pembe ni nusu yake, nayo ni nyuzi 90 kamili. Hapo hapana haja tena ya kipimapembe, wala ya kumsadiki mwalimu. Kijana amejua mwenyewe.

Hiyo ndiyo faida ya somo hili. Humzoesha mtu kutofautisha baina ya alichoambiwa, alichokiona kwa macho, na anachoweza kukithibitisha kwa burhani. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza kuwa elimu hii huisafisha akili, akaifananisha na sabuni inavyosafisha nguo. Nasi twauliza: ni nani aliyefua nguo yake mara moja akasema kuwa yamtosha umri wake wote?

Na hapa ndipo penye khatari ya likizo. Katika jiometri, kinachosahauliwa kwanza si kauli, bali ni sababu yake. Baada ya wiki nane kijana bado ataweza kusema kuwa pembe iliyo ndani ya nusu duara ni mraba. Mwulizeni kwa nini, atanyamaza, au atajibu kuwa mwalimu alisema hivyo. Kauli imebaki, burhani imekwenda. Alikuwa mwenye kujua, naye sasa amekuwa mwenye kuiga, wala mwenyewe hana khabari, kwa kuwa maneno yake ni yale yale. Huyu si mwongo, lakini anadai jambo asiloweza tena kulisimamia. Na mtu aliyezoea kubeba kauli zisizo na sababu katika mambo ya mistari na pembe, ataacha lini mazoea hayo atakapofika kwenye mambo ya watu, ya mali na ya hukumu?

Faida za mikono pia zipo, wala hatuzikatai. Fundi mwashi akitaka kona ya msingi iwe mraba hupima kwa kamba futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na huhakikisha kuwa baina ya ncha hizo mna futi 5. Kijana naye aweza kuupima urefu wa mti asioweza kuupanda: fimbo ya mita 1 ikiwa na kivuli cha sentimita 80, na mti una kivuli cha mita 12, basi mti ni mita 15. Lakini na atahadhari: hesabu hii yasihi iwapo mti umesimama wima, na ardhi ni sawa, na vivuli vimepimwa wakati mmoja. Minazi yetu mingi imeinama. Aliyekariri hesabu tu atapima mnazi ulioinama na kutoa jibu kwa ushujaa. Aliyeishika sababu atautazama mti kwanza.

Kisha kuna jambo linalotuhusu sote. Mombasa iko nyuzi 4.05 kusini ya Ikweta, na Makka iko nyuzi 21.42 kaskazini yake. Longitudo za miji hii miwili hazipishani hata robo ya nyuzi moja. Basi kijana wa sekondari aweza kujumlisha akapata nyuzi 25.47, akazidisha kwa 60, akajua kuwa baina yetu na Makka mna maili za baharini 1,528 hivi, yaani kilomita 2,830. Aweza pia kujua kwa nini anayesali Mombasa huelekea takriban kaskazini halisi, ilhali wa Lamu huelekea magharibi kidogo ya kaskazini, kiasi cha nyuzi mbili na nusu, na wa Nairobi huelekea mashariki kidogo, kiasi cha nyuzi saba. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu kizima cha kupima mahali pa miji, na katika makusudi yake ni kuujua upande wa kibla wa mji wa Ghazna. Wengi wetu twafuata mihrabu iliyojengwa na waliotutangulia, na hilo latosha kwa mtu mmoja mmoja. Lakini haliutoshi mji mzima. Sharti mjini wawepo wanaojua kwa nini mihrabu imeelekea huko. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameitia hesabu katika elimu za fardhi kifaya, kwa kuwa watu hawana budi nayo katika biashara na katika kugawanya mirathi. Elimu ya namna hii anayeishika huishika kwa niaba ya wengine. Kwa hivyo si mali yake peke yake, ni amana.

Huenda mtu akasema: kusahau ni tabia ya binadamu, na mwenye kusahau ana udhuru. Ni kweli. Aliyejitahidi kisha akasahau hana lawama. Lakini aliyewekewa amana akaiacha nje mvuani, hawezi kusema kuwa aliyeiharibu ni mvua.

Basi tufanye nini? Jambo tunalolitaka ni dogo. Nusu saa, siku nne katika wiki, yatosha. Siku zilizobaki ni za madrasa, za bahari, za jamaa na za mpira. Katika nusu saa hiyo kijana asisome kitabu kwa macho tu, kwani macho hudanganya na humfanya mtu aone kuwa bado ajua. Na afunge kitabu, achukue karatasi tupu, achore umbo, na ajaribu kuithibitisha kanuni moja mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Akikwama ndipo afungue. Siku ya pili ajaribu tena ile iliyomkwamisha, kisha aongeze nyingine. Gharama yake ni karatasi, rula, bikari na penseli.

Mzazi asiyeijua jiometri naye asijitoe. Na akae karibu, amwambie mwanawe, "Nieleze kwa nini." Akielezwa akafahamu, mtoto amejua; na asipofahamu, mtoto ataona mwenyewe palipo na pengo. Na twawakumbusha akina baba na akina mama kuwa nusu saa hiyo ni haki ya binti kama ilivyo haki ya mvulana. Si uadilifu kijana wa kiume apewe meza na utulivu, na dadake, aliye darasa moja naye, apewe ndoo na jiko tangu asubuhi hadi usiku, kisha Januari tushangae kuwa amerudi nyuma.

Kwa hivyo jibu letu ni kuwa mwenye elimu huenda likizo, na ni haki yake, lakini elimu yenyewe haiendi likizo. Ikiachwa huondoka, na huanza kuondoka kwa sababu zake kabla ya maneno yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awawafikishe vijana wetu kutunza walichopewa, na atuwafikishe sisi wazee wao kuwasaidia.